Siku wabunge walipobishana kuhusu mkono wangu, nami nikiwa juu nawasikiliza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma, nacheka, naweka like, naondoka. Leo nimeona na mimi niandike ya kwangu.

Kilichomo humu kimenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, na kituo cha polisi sitakitaja. Msinibane kwenye PM, sitakitaja.

Mimi ni Mrundi. Nimekulia kambini upande wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu mnakiona kinafanana na chenu. Tuliporudi nyumbani, wazazi walirudia shamba lao Itaba, upande wa Gitega. Ndugu tuko wengi, ardhi ni kipande. Nikaona niwaachie.

Kambini nilikuwa nimejifunza useremala. Nikaenda Muyinga, nikapanga kibanda karibu na mtaa wa Waislamu, watu wa biashara na ufundi. Vitanda, milango, makabati, nilikuwa nagonga mwenyewe. Mimi, mke wangu na binti yetu Bella tukawa tunaishi chumba cha nyuma. Maisha yalikuwa yanakwenda.

Jirani yangu wa kibanda alikuwa mama mmoja muuza vitenge, nitamwita Mama Sauda. Mjane. Ana sauti ya kusikika sokoni kote. Akikusalimia asubuhi, wewe na wapangaji wenzako wote mmesalimiwa.

Sasa tukio lenyewe.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kununua misumari. Ni mwendo mfupi tu, nikaacha karangamuntu kwenye koti kibandani. Kwa wasiojua, karangamuntu ndiyo kitambulisho chetu.

Siku hiyo kulikuwa na msako wa polisi. Asiye na karangamuntu anapanda gari. Nikasema kibanda changu kile pale, naomba mtu anisindikize nikaichukue. Jibu lilikuwa "panda". Nikapanda.

Wala sikukasirika sana, nisiwadanganye. Msako ni kitu tumezoea. Unakaa, jioni ndugu anakuletea kitambulisho, unatoka.

Kituoni tulikaa uani, chini. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nikamwona Mama Sauda naye yumo. Yeye kitambulisho alikuwa nacho, ila alimjibu askari vibaya, au askari aliona amejibiwa vibaya. Mnajua ile sauti yake.

Askari mmoja akamwambia anyamaze. Mama Sauda akasema, "Mi sijasema kitu, nauliza tu, iko kosa gani?"

Akapigwa kofi. Kitambaa cha kichwani kikadondoka. Alipoinama kukiokota akapigwa teke la ubavu.

Wakuu, uani tulikuwa wengi. Kila mtu aliangalia chini. Na mimi niliangalia chini, mara ya kwanza. Teke la pili ndilo lililoniinua. Sikupanga. Nilijikuta nimesimama na ninasema, "Afande, huyo ni mama."

Maneno hayo tu.

Walinijia watatu. Rungu la kwanza lilikuwa linakuja kichwani, nikainua mkono wa kulia kujikinga. Nilisikia sauti kabla ya maumivu. Seremala anaijua sauti ya mti ukivunjika ukiwa mbichi. Ilikuwa kama hiyo.

Yaliyofuata kwenye kasho, yaani mahabusu, siyasimulii, hayana faida kwa mtu. Kesho yake tulifunguliwa mlango, tukaambiwa nendeni nyumbani. Hakuna kosa lililosomwa wala aliyeulizwa jina.

Mtaniuliza, mbona hukwenda hospitali siku hiyohiyo? Niliogopa. Nilifikiri daktari atauliza nimepatwa na nini, na jibu litafika mahali. Nikafunga mkono na kitenge, nikasema utapoa.

Haukupoa. Ukavimba mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Mke wangu, nitamwita Mama Bella, akasema inatosha. Tukafunga kibanda, tukarudi Itaba kwa wazazi. Kutoka hapo mdogo wangu akanipeleka Mutoyi, kwenye hospitali ya misheni. Wale watu Mungu awabariki, walinipokea vizuri. Daktari akaniambia wazi: ungekuja mapema tungeunyoosha. Sasa mfupa umeanza kushika ukiwa umepinda. Tutafanya tunaloweza.

Wakaweka plasta. Ilipotoka, mkono haukufunga ngumi. Mpaka leo haufungi.

Kwa mtu mwingine labda si kitu. Kwangu mimi, randa inashikwa na mkono huo. Nyundo pia. Nilikaa Itaba naangalia wenzangu wanalima, na mimi nabeba maji kwa mkono wa kushoto kama mgeni.

Sikumsimulia mtu. Baba aliuliza, nikasema nimeanguka kazini. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua.

Halafu siku moja mchana nasikia pikipiki imesimama barabarani. Na sauti.

"Fundi! Fundi yuko wapi? Mi nimetoka Muyinga, mgongo umeisha!"

Mama Sauda.

Amekuja na mkate, sukari, na kitenge cha mama yangu. Amekaa, amesalimia ukoo mzima, amekunywa chai. Wazee walipotoka, tukabaki naye mimi na mke wangu, akaniangalia mkono. Akaushika, akaugeuza, akaurudisha pajani kwangu taratibu. Hakulia. Aliniambia hivi:

"Papa Bella, huu mkono ulivunjika juu yangu mimi, kunitetea. Kila siku mi nafungua duka, naona kibanda chako kimefungwa. Siwezi tena. Nimeenda kwa mbunge."

Nilishtuka. Mama Bella alishtuka zaidi.

"Umeenda kwa nani?" nikauliza.

"Kwa mheshimiwa wetu. Nimemweleza yote, yangu na ya wengine. Anasema hatuko peke yetu, watu wengi wamemjia. Ataomba Bunge iunde tume ya uchunguzi. Lakini anataka mtu wa kusimama nyuma ya maneno yake. Mi nimesema niko. Sasa nimekuja kuuliza we."

Mama Bella akasimama. Mke wangu ni mtu mpole, wakuu, sijamsikia akimjibu mgeni. Siku hiyo alimjibu.

"Mama Sauda, nakuheshimu. Lakini huyu nimempata akiwa mzima wa roho. Mkono nimeukosa, sawa. Unataka na yeye mwenyewe nimkose?"

Mama Sauda akasema, "Unasema kweli, mwanangu." Akanywa chai yake mpaka mwisho. Wala hakusukuma. Nadhani angesukuma ningekataa.

Alipoondoka, mimi na mke wangu tuliongea sana. Siku kadhaa tuliongea. Hatukugombana. Mwisho ni yeye aliyesema, tukiwa tunachambua maharage: "Wewe unamwambia baba yako ulianguka. Bella naye akikua utamwambia ulianguka?"

Nikampigia Mama Sauda. Nikamwambia niko.

Kikao chenyewe kilifanyika Gitega mjini, kwangu hapo ni karibu. Mama Sauda alikuja mapema akalala kwa dada yake. Mheshimiwa alitutafutia nafasi kwenye roshani ya wageni, kule juu, unawaona wabunge kichwani. Mlangoni tukapekuliwa, simu zikazimwa, tukaambiwa: mgeni hapigi makofi, hasemi, hasimami.

Aliyetupekua ni polisi. Alipofika kwenye mkono wangu akaniambia, "Pole, inauma?" Nikasema kidogo. Akanipitisha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Mimi Bunge nilikuwa nalisikia redioni tu. Nilidhani wanaongea kwa zamu kama kanisani. Kumbe!

Mheshimiwa wetu alianza vizuri, sauti ya chini. Akasema si kituo kimoja, watu wanachukuliwa bila sababu na wanarudi na majeraha. Akasema kuna fundi, baba wa mtoto mmoja, amepoteza mkono wake wa kazi kwa sababu alimwombea mama asipigwe. Anaomba tume ya wabunge iende ikawasikilize watu.

Hakunitaja jina. Lakini wakuu, kusikia maisha yako yanasemwa kwenye ukumbi ule, na watu wenye tai wanaandika... nilihisi joto mpaka masikioni.

Kisha moto ukawaka.

Mmoja akasema hii ni kuwavunja nguvu askari, watu wanaolala kwenye mvua ili sisi tulale kitandani. Akapigiwa makofi. Mwingine akasema jeshi la polisi lina wakaguzi wake, Bunge lisiingie jikoni kwa watu. Mama mmoja mbunge akamjibu kwamba hao wakaguzi wanakula kwenye jiko hilohilo. Kelele! Wengine wanapiga meza, wengine wanapaza "motion! motion!", yaani hoja, kwa Kifaransa, Spika anagonga nyundo yake, hakuna anayesikia.

Akasimama mzee mmoja, mrefu, miwani. Nilikuwa namwogopa tangu mwanzo, kwa sababu kila akiongea wenzake walinyamaza. Akasema kwa Kirundi, bila haraka:

"Tunaambiwa fundi, fundi. Huyo fundi yuko wapi? Mimi nimekaa siasa miaka mingi. Najua watu wanaokunywa urwarwa, wanaanguka na baiskeli, asubuhi wanasema polisi."

Ukumbi ukacheka.

Urwarwa ni pombe ya ndizi. Mimi ni Mpentekoste wakuu. Sijawahi hata kuionja.

Lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni neno "wanaanguka". Ndilo nililomwambia baba yangu. Mzee yule hakuwa ametunga kitu, alikuwa anarudia uongo wangu mwenyewe.

Nikasimama.

Sikusema neno. Nilisimama tu kwenye ukingo wa roshani, nikaunyanyua ule mkono uliopinda, na vidole vyake visivyofunga. Mama Sauda akanivuta shati, "Kaa, watakutoa!" Kisha nikasikia ameacha kuvuta. Akasimama na yeye.

Kicheko kilikwisha kidogo kidogo, kuanzia waliokaa nyuma mpaka mbele, jinsi kila mmoja alivyoinua macho. Yule mzee naye aliinua. Akavua miwani.

Spika akagonga. "Wageni wakae, au watolewe nje."

Tukatolewa nje.

Aliyetutoa ni yuleyule polisi wa mlangoni. Hakutushika. Alisema "tafadhali, mama", akatutangulia, akatuonyesha benchi kwenye korido. Mama Sauda alikuwa anajipepea kwa ncha ya kitenge. Yule askari akaenda akarudi na chupa ya maji, akampa, akarudi mlangoni kwake bila kutuangalia.

Tumekaa pale, tunasikia kelele za ndani bila kusikia maneno. Mama Sauda ananong'ona, kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Tumeharibu, fundi. Mi naona tumeharibu yote."

Na mimi niliona hivyo.

Baada ya muda wakapumzika. Milango ikafunguliwa, wabunge wakamwagika koridoni. Na yule mzee akaja moja kwa moja kwetu. Peke yake.

"Kijana, naomba nione."

Nikampa mkono. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, akabonyeza pale mfupa ulipopinda.

"Hukuanguka."

"Hapana, mheshimiwa."

"Na unakunywa?"

"Situmii."

Akatikisa kichwa. Akakaa kwenye benchi, pembeni yangu. Nilidhani ataomba msamaha. Hakuomba. Alisema kitu ambacho sikukitegemea:

"Mimi mwanangu ni polisi. Yuko huko mpakani. Kila mtu akisema polisi, mimi nasikia jina lake. Unanielewa?"

Nikasema namwelewa.

Mama Sauda ndiye aliyejibu. Alikuwa amepata nguvu tena. "Baba, huyo mtoto wako akifanya kazi mzuri, na mwenzake akinipiga mimi teke, watu watawaita wote wawili jina moja. Ni sawa hiyo? Hata yeye iko anaumia."

Mzee akanigeukia. Kisha akaniuliza: "Tume ikija Muyinga, utasema mbele yao? Mbele ya waliokupiga?"

"Nitasema."

"Hapa ni rahisi kusema ndiyo."

"Najua, mheshimiwa. Nitasema."

Akasimama, akatengeneza koti, akarudi ndani.

Sisi hatukurudishwa juu. Tulisikia matokeo kwenye redio ya yule askari, aliiweka dirishani na kuongeza sauti kidogo. Kama kwa bahati.

Mzee hakubadilika akawa mtetezi wetu, nisiwapambie. Alisema bado haipendi tume. Lakini akaongeza kwamba amemwona mtu kwa macho yake na hawezi kusema hajamwona. Akaomba marekebisho: polisi nao wasikilizwe, na ushahidi utolewe faragha ili asitukanwe mtu hadharani. Kelele tena, ila ndogo. Wakapiga kura. Ikapita.

Mama Sauda aliinama akalia pale kwenye benchi. Mimi nilisikia njaa tu. Njaa kali kweli. Tukaenda tukala brosheti, yaani mishikaki, na ndizi.

Nilipofika Itaba nilimkuta baba anafunga mbuzi. Nikamwambia kila kitu. Alisikiliza, akaendelea kufunga kamba, akasema, "Nilijua. Mtu akianguka hashiki mkono namna ile." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tume ilikuja Muyinga kweli. Walipangiwa ukumbi mmoja mdogo. Mimi nilidhani tutakuwa wachache. Kufika asubuhi, watu wamejipanga mpaka nje ya geti. Wengine nawafahamu, nilikuwa nikipishana nao kila siku, mmoja nimemtengenezea mlango. Hakuna aliyewahi kunieleza yake, na mimi sikuwahi kuwaeleza yangu.

Nilipoingia, mkuu wa kile kituo, aliyekuwepo siku ile tunapigwa, alikuwa amekaa upande wa kulia. Ni haki yake, ndivyo walivyokubaliana. Nilikuwa namkumbuka mkubwa, sasa namwona mtu wa kawaida, kola imechakaa, anafuta jasho.

Nilisema yote. Wakaniuliza swali moja tu ambalo nililifikiria hata baadaye. Mbunge mmoja kijana, kwa upole: "Kwa nini uliingilia? Hayakuwa yako."

Nikasema, "Alikuwa anapigwa." Sikupata jibu refu zaidi, na mpaka leo silipati.

Baada yangu aliingia askari mmoja wa kituo kile. Tuliomba Mungu asije kutukanusha. Baadaye tuliambiwa alithibitisha. Alisema alikuwepo uani, na aliangalia chini. Sijui yuko wapi sasa. Popote alipo namwombea.

Matokeo? Tulieni, si ya sinema.

Mkuu wa kituo aliondolewa. Mmoja wa wale watatu alifikishwa mahakamani, wawili walihamishwa, wapi hatukuambiwa. Ripoti ilisomwa bungeni nusunusu. Fidia sijaona na sitegemei. Mkono ni uleule.

Kibanda nimekifungua tena. Napima, nachora, nakata kwa mashine ya kuazima, kazi ya randa nampa fundi mwenzangu. Vitanda vinatoka polepole. Vinatoka lakini.

Sasa jambo lililonifanya niandike uzi huu.

Juzi wezi walivunja duka la Mama Sauda, wakabeba vitenge. Asubuhi amesimama mlangoni kwangu, amejifunga vizuri, amebeba pochi.

"Papa Bella, nisindikize."

"Wapi?"

"Kituoni. Si nimeibiwa?"

Wakuu, tangu ile siku huyu mama alikuwa anazunguka njia ndefu ili asipite mbele ya kile kituo. Hata mvua ikinyesha. Nikamwangalia, nikafunga kibanda, tukaenda.

Getini alisimama kidogo. Akanishika kiwiko. Kisha akaingia, akasalimia kwa sauti yake ileile, uani kote wakageuka.

Askari wa zamu, msichana mdogo tu, akasimama. Akasema, "Karibu mama, kaa." Akavuta kiti. Akasikiliza, akaandika, akauliza rangi za vitenge. Mama Sauda alizitaja zote, moja moja, bila haraka, kama mtu aliye kwake.

Tulipotoka tulitembea mpaka sokoni. Hapo akasimama, akanigeukia, macho yamejaa.

"Umeona, fundi? Wamenipa kiti."

Vitenge havijapatikana mpaka leo.

Nilichojifunza mimi: sikuwa napigana na polisi. Nilikuwa nataka kituo ambacho mama anaweza kuingia akitaka msaada. Na ule ubishi wa bungeni tulioudhani ni kelele tu, kuna siku unamfikia mtu wa chini kabisa, ila lazima mtu asimame aonekane. Nasema hivi nikijua kuna waliosimama wakaumia zaidi yangu. Siwaambii kila mtu asimame. Mke wangu alikuwa na haki kuogopa.

Haya, jukwaa ni lenu. Aliyepitia kama haya, huku kwetu au huko Kigoma, aandike hapa chini, hata kwa mistari miwili. Na kama humu kuna askari, karibu zaidi ya wote. Ningependa kusikia upande wako, na sitakutukana.